Ufunguo Mwekundu wa Betri

Asubuhi moja ya Jumamosi, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza nilikokuwa nimefikia kwa miezi michache, jirani yangu, mzee aliyestaafu ualimu na ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiunda gari kwa mikono yake mwenyewe katika banda lililo ubavuni mwa nyumba yake, aliniita nikashuhudie jambo ambalo kwake lilikuwa ndilo hitimisho la kazi yote. Alikuwa amefunga swichi ya kukatia betri, yenye ufunguo mwekundu wa plastiki usiozidi urefu wa kidole. Akawasha injini, ikanguruma. Akanitazama kwa fahari ya mtu anayejua kitakachofuata, kisha akauzungusha ufunguo ule na kuuchomoa. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hapana aliyeigusa. Mzee akautazama ufunguo mkononi, akaitazama injini, akautazama ufunguo tena, na mwishowe akaizima kwa swichi ya kawaida bila ya kusema neno. Siku ya pili yake tuligundua kwamba alteneta haichaji tena.

Swichi ile haikuwa mbovu, wala mzee hakuifunga kinyume cha swichi za aina ile zifungwavyo. Kosa lilikuwa katika dhana, nayo ni dhana ya wengi, mafundi na wasio mafundi, ya kwamba uhai wa gari umo katika betri, hata ukiikata betri umeikata na roho ya injini. Nimeona vyema niieleze dhana hiyo na kubainisha namna swichi hii ipasavyo kufungwa, kwa kuwa ni kifaa cha bei ndogo kinachotarajiwa kuokoa mali na nafsi za watu, na kifaa cha namna hiyo kikifungwa pasipo maarifa humtoa mwenyewe hofu ambayo ingalimfaa kubaki nayo.

Tuanze na gari lenyewe. Waingereza wana dasturi, ambayo kwetu si mashuhuri, ya kununua gari likiwa vipande ndani ya masanduku na kuliunganisha nyumbani. Jina lake la Kiingereza, kit car, tukilitia katika ulimi wetu laelekea kugeuka kiti, na kwa kuwa kiti ni kimoja tu katika vitu vingi anavyoletewa mnunuzi, mimi nitaliita gari la kujiundia. Mashuhuri kuliko yote katika jamii hii ni Lotus Seven, ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957: gari dogo, jepesi, lililo wazi juu, lenye pua ndefu na viti viwili vilivyo karibu na ardhi kiasi cha dereva kuweza kunyoosha mkono akaigusa lami. Sababu ya kuuzwa vipande vipande ilikuwa kodi ya ununuzi, iliyotozwa juu ya gari lililokamilika na kusamehewa juu ya vipande. Hivyo mtu aliyekuwa tayari kuchafua mikono yake alijiokolea fedha nyingi. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 1973 na nafasi yake kushikwa na kodi ya ongezeko la thamani, manufaa yale yalitoweka, na mwaka huo huo Lotus iliwaachia Caterham Cars haki ya kuliunda gari lile, nao wanaliunda hadi leo. Lakini mapenzi ya watu hayakutoweka pamoja na manufaa. Mwaka 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu kilichowafundisha wasomaji kujiundia gari la sura hiyo kwa pauni 250 tu, kwa kuchomelea chesisi ya mabomba ya chuma na kutumia injini na vyombo vya Ford Escort kuukuu; na mabanda ya Uingereza yakajaa moshi wa kuchomelea.

Basi katika gari la kiwandani kila waya umepitishwa mahali pake na wahandisi waliokaa wakashauriana, ukajaribiwa katika baridi na joto na mtikisiko, na ukakaguliwa na watu ambao hawakuufunga. Ilhali katika gari la kujiundia mhandisi, fundi na mkaguzi ni mtu mmoja, naye huifanya kazi hiyo usiku baada ya chakula, macho yakiwa na usingizi na mke akiuliza itakwisha lini. Nyaya zake aghalabu zimetoka katika gari lililochinjwa, zikapunguzwa hapa na kuungwa pale. Tangi la petroli liko nyuma ya viti, na betri yenyewe mara nyingi hukaa juu ya kirafu chembamba mbele ya dashibodi, kiasi cha shubiri chache kutoka kwenye magoti ya dereva. Fauka ya hayo, bodi huwa ya alumini au ya faibaglasi, na faibaglasi haipitishi umeme kabisa, kwa hiyo kila taa na kila pampu inahitaji waya wake wa kurudishia umeme kwenye chesisi, jambo ambalo linaongeza idadi ya nyaya, na kila waya uliozidi ni mahali pengine pa kuchubuka.

Mtu asiyezoea hudhani kwamba volti 12 ni jambo dogo, kwa kuwa akizigusa kwa mkono mkavu hasikii chochote. Kweli hazimpigi mtu shoti, lakini hilo lisimdanganye, maana betri ile ile isiyomtikisa mtoto ndiyo inayoipa stata ampea 150 au 200 ili kuizungusha injini baridi, ilhali taa kubwa ya mbele ya wati 55 inaridhika na ampea zisizofika 5. Waya mnene utokao betrini kwenda kwenye stata kwa kawaida hauna fyuzi, kwa sababu ya ukubwa wa mkondo unaopita humo. Na waya huo ukichubuka juu ya ukingo wa chuma, betri itamwaga ampea mamia kwa mamia hata kupita elfu, na hapana kitu cha kuizuia ila ama waya uyeyuke ama betri iishe. Plastiki ya waya huwaka kabla ya yote mawili. Hapo ndipo mtu hutamani lau angekuwa na mahali pamoja, panapofikika kwa mkono mmoja, pa kuutenganisha umeme wote na gari lote.

Haja hiyo ya kujikinga na moto ndiyo kubwa, walakini si pekee. Magari haya ni ya kiangazi. Wenyewe huyafunika turubai mwezi wa Oktoba na kuyafunua Machi, na katika muda huo king'ora cha wezi, saa na kumbukumbu ya redio hunyonya umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Hesabu yake ni sahali: miliampea 50 tu, zikinyonywa kwa saa 24, ni ampea-saa 1 na sehemu mbili za kumi, na betri ndogo ya ampea-saa 40 itakuwa tupu katika muda wa siku 33 hivi, na betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa miezi, sahani zake hugandamana na chumvi ya salfeti, isirudi tena hali yake ya kwanza. Kwa haja hii, na kwa haja ya kumkatisha tamaa mwizi, swichi ya ufunguo mwekundu inatosha kabisa. Madereva wa kwetu wanalijua sana hili la mwizi, na sidhani kama kuna fundi wa Mombasa au Dar es Salaam ambaye hajapata kuombwa afiche katauti, yaani swichi ya siri ya kukatia umeme, chini ya kiti.

Tafauti inakuja pale injini inapokuwa inazunguka, na hapa ndipo ningependa msomaji anivumilie kidogo. Katika gari lenye alteneta, betri ni ya kuwashia. Injini ikishawaka, alteneta inayozungushwa na mkanda huzalisha volti zipatazo 14, ikailisha plagi, pampu ya petroli, taa na kompyuta ya injini, na kinachobaki ikairudishia betri. Ukiikata betri wakati huo, umemwondoa mgeni mmoja karamuni, lakini mpishi yungali jikoni na wengine wanaendelea kula. Ndiyo sababu injini ya mzee haikuzimika. Na lau gari lile lingekuwa limepinduka shimoni, pampu ya petroli ya umeme ingeendelea kusukuma petroli katika bomba lililopasuka, na yule msamaria mwema aliyeuchomoa ufunguo angesimama kando akidhani amekwisha timiza wajibu wake.

Ama ile alteneta kuungua, kisa chake ni hiki. Betri katika gari ni kama farumi katika jahazi: haisukumi chombo, lakini ndiyo inayokituliza, kwa kuwa humeza umeme uliozidi na kufidia uliopungua. Alteneta inapokuwa inachaji kwa nguvu, sumaku iliyo ndani yake imejaa, na sumaku haifi kwa ghafula kama taa inavyozimika; basi betri ikitengwa katika wakati huo, mkondo uliokuwa ukienda huko hukosa pa kwenda, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, nayo haiwahi kuipunguza sumaku, na volti hupanda kwa mfumuko ambao katika gari la volti 12 waweza kupita 80 kabla ya kutulia. Muda wake ni mfupi, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini kwa daiodi za alteneta na kwa kompyuta ya injini sehemu hiyo ya sekunde ni umri mzima. Kompyuta hiyo hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya swichi, na mwenye gari huisikia habari hiyo dukani.

Watu wa mashindano ya magari walikwisha lifahamu jambo hili, nao wakatengenezewa swichi ya ncha sita. Ncha mbili nene ni za betri, kama zile za swichi ya ufunguo mwekundu. Nyembamba nne ni jozi mbili zinazofanya kazi kinyume: jozi ya kwanza hukatika pamoja na betri, nayo hutiwa katika waya wa kuwashia plagi, au katika waya unaoipa uhai kompyuta ya injini, ili injini ife papo hapo, na jozi ya pili hufunga pale nyingine zinapofunguka, nayo huunganisha upande wa alteneta na chesisi kupitia kikinzani kidogo, yaani rezista, kwa kawaida ya omu 3 na wati 11, ili umeme uliokosa pa kwenda upate njia ya kumwagikia. Mwenye kupenda hesabu ataniambia kwamba volti 14 juu ya omu 3 ni wati 65, na kwamba rezista ya wati 11 haiwezi kuustahimili mzigo huo. Naye amesema kweli, ila rezista haitakiwi kuustahimili zaidi ya zile sekunde chache ambazo injini inamalizia kuzunguka. Bei ya swichi hii si mbali sana na bei ya ile nyepesi. Kwa rai yangu, mtu aliyetumia miaka mitatu kuunda gari halafu akabania tafauti hiyo amefanya ubahili usiokuwa na insafu.

Kuna njia ya pili, ambayo baadhi ya waundaji wa magari ya barabarani huipendelea, nayo ni kuuleta waya wa alteneta moja kwa moja upande wa betri, kabla ya swichi, na vyombo vingine vyote, plagi na pampu zikiwamo, vibaki upande wa pili. Kwa mpango huo ukizima swichi injini hufa kwa kukosa moto wa plagi, na alteneta haiachani na betri yake, basi hapana mfumuko. Aibu yake ni kwamba waya mmoja mnene unabaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, hivyo yapasa utiwe fyuzi kubwa karibu na betri na upitishwe kwa hadhari. Katika mashindano mpango huu haukubaliwi, kwa kuwa huko swichi hutakiwa kukata mikondo yote isipokuwa ile ya kuendeshea kizimamoto.

Kanuni za mashindano ya Uingereza, zinazosimamiwa na Motorsport UK, zinataka pia swichi ifikike kutoka nje ya gari, na mahali pake patiwe alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, kitako chake kisipungue sentimita 12, ili mwokozi aje mbio asihitaji kuuliza. Barabarani sharia haimlazimishi mtu kuwa na swichi hii. Mkaguzi wa serikali anayelipitisha gari la kujiundia kabla ya kupewa namba hutazama betri imefungwa imara, nyaya zimeshikizwa, na hapana ncha kali za kuumiza watu, asimwulize mwenyewe habari ya ufunguo mwekundu.

Swali ambalo huzua ubishi mrefu kila penye waundaji wawili ni kama swichi ifungwe upande chanya au upande hasi. Wenye kupenda hasi husema waya wake ni mfupi, na kwamba ukiukata, hata spana ikianguka baina ya kichwa chanya cha betri na chesisi haitoi cheche, nao hawakukosea. Lakini upande huo wahitaji yakini kwamba hapana waya mwingine wa ardhi unaorudi betrini kwa njia ya nyuma, kwa mfano waya wa king'ora uliofungwa na mtu mwingine siku nyingine. Mimi, kwa gari lenye swichi ya ncha sita, naona upande chanya una uwazi zaidi, maana kila kitu kinachokatwa kinaonekana. Na kwa gari la kulazwa wakati wa baridi tu, hasi haina ubaya.

Popote itakapofungwa, waya baina ya betri na swichi uwe mfupi iwezekanavyo, kwa kuwa sehemu hiyo haikatwi na chochote. Mahali panapofaa katika gari la namna ya Seven ni ubao wa chuma ulio nyuma ya injini, panapofikiwa na dereva aliyefungwa mkanda na pia na mtu aliyesimama nje. Pasiwe mahali pa goti kugonga, wala pa mvua kutiririka, ingawa gari lisilo na paa, katika nchi ile, halina mahali ambapo mvua haifiki.

Kazi yenyewe haitaki vyombo vingi. Vua saa na pete kwanza, maana pete ya dhahabu ikikutana na kichwa cha betri na chesisi kwa pamoja hubadilika kuwa kaa la moto kidoleni. Fungua kichwa hasi kabla ya chanya, na wakati wa kurudisha kitie hasi mwisho; sababu ni kwamba spana inayogusa chesisi wakati wa kufungua chanya haina madhara ikiwa hasi imekwisha kuachiliwa. Usivute sigara wala kutoa cheche karibu na betri iliyotoka kuchajiwa, kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 tu hewani yatosha kulipuka. Tumia waya wa milimita za mraba 25, au 35 ikiwa betri iko mbali, na vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kazi hiyo hasa. Nyundo na tindo zitakupa kiungo kinachopendeza macho kisichopitisha umeme. Pale waya unapopita katika tundu la chuma, tia mpira. Pale waya wa ardhi unapokutana na chesisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Nasisitiza viungo kwa sababu swichi huongeza viungo visivyopungua viwili katika njia ya stata, na hapo hapana msamaha: kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambacho hakuna taa itakayokilalamikia, hula volti 2 kamili pale stata inapovuta ampea 200. Mwenye gari atasema betri imekufa, atanunua mpya, na stata itaendelea kulalama asubuhi ya baridi kama mgonjwa wa pumu.

Kwa wale wasiotaka saa na redio zisahau kila kitu, au ambao kompyuta ya injini yao ikikatiwa umeme hupoteza mizani ya kunguruma taratibu, kuna hila ya kupitisha waya mwembamba kando ya swichi, wenye fyuzi ya ampea 5. Waya huo huvilisha vile vidogo tu; akija mtu akajaribu kuwasha gari swichi ikiwa imezimwa, fyuzi hukatika mara moja, na gari haliendi popote.

Kisha lijaribu gari lako mbele ya nyumba yako, usingoje siku ya ajali ikujaribie. Kwanza injini ikiwa imezimwa: kata swichi, washa taa, piga honi, na hapana kitu kinachotakiwa kuitika. Halafu, ikiwa umefunga ile ya ncha sita na rezista yake, washa injini, uiache ipate joto, uipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, na uzime swichi. Injini ikifa, kazi imekamilika. Ikiendelea kunguruma, izime kwa njia ya kawaida, fuata waya mmoja baada ya mwingine, na gari lisitoke barabarani mpaka umeujua unaoilisha.

Jirani yangu alibadilisha swichi yake mwezi uliofuata, pamoja na alteneta. Ile ya ufunguo mwekundu hakuitupa. Ameifunga katika banda la bustani, ambako betri kuukuu inawasha taa mbili za kutafutia majembe usiku, na huko, kwa kuwa hapana alteneta wala injini, inafanya kazi barabara.